Kikombe cha Samunge na papai la maabara

Machi 2011 mama yangu mdogo aliuza mbuzi wawili apate nauli ya kwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mmoja mstaafu. Alikuwa na kisukari mwaka wa sita, nyayo zinamwaka moto usiku, na jirani yake wa usharikani alikuwa amerudi kutoka huko akitembea bila mkongojo. Wakapanda Noah kutoka Moshi, wakapita Arusha na Mto wa Mbu, wakaishika njia ya vumbi ya kuelekea Ngaresero. Siku ya nne kikombe cha plastiki kikapitishwa dirishani. Akanywa, akatoa shilingi 500, gari likageuza. Wiki mbili baadaye alisimama mbele ya usharika kutoa ushuhuda, na watu wakalia.

Mimi nilikuwa siamini, na sikusema. Kwetu asiyeamini hujifunza mapema kutazama viatu vyake wakati wa sala. Kusema "sidhani" mbele ya mgonjwa aliyepata nafuu ni utovu wa adabu, na sijui kama nilikosea kunyamaza. Ila maswali yaliyonisumbua siku ile bado ninayo, na yamekua, maana yale yaliyotokea Samunge yalikusanya mahali pamoja mambo manne ambayo kwa kawaida tunayajadili kila moja na siku yake: dini, sayansi, siasa, na swali la nani anawajibika mtu akiumia.

Kwa waliokuwa wadogo wakati huo: Ambilikile Mwasapila, tuliyemwita Babu wa Loliondo, alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mzee wa miaka sabini na kitu, akiishi kijiji cha Samunge katika Wilaya ya Ngorongoro. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti na namna ya kuuchemsha. Mti wenyewe wenyeji wanauita mugariga. Dozi ni kikombe kimoja, mara moja tu. Magonjwa yaliyotajwa ni yale yanayotutesa na yasiyo na mwisho: UKIMWI, kisukari, saratani, pumu, kifafa. Sharti kubwa lilikuwa kwamba dawa hufanya kazi pale Samunge tu, ikitolewa na yeye. Ukiichukua chupani ukampelekea bibi yako Mbeya, ni maji ya mizizi.

Kufikia mwisho wa Machi foleni ya magari ilikuwa imeripotiwa kufika kilomita 26, helikopta zinashuka na wenye fedha, na watu wapatao 52 walikuwa wameripotiwa kufa wakisubiri zamu. Babu mwenyewe aliomba watu wasije mpaka tarehe 1 Aprili, foleni ipungue. Viongozi wa serikali walipigwa picha kikombe kikiwa mdomoni.

Niseme hili kabla sijaenda mbali: sijawahi kuamini kwamba mzee yule alikuwa tapeli. Shilingi 500 haikuwa bei ya tapeli. Kwa nauli ambazo watu walikuwa wanalipa, angeweza kutoza mara hamsini na foleni isingepungua hata gari moja. Alikufa Julai 2021, bado akiishi hapo hapo kijijini. Tatizo ni kwamba tumezoea kuligeuza swali la "dawa inafanya kazi?" kuwa swali la "mtu huyu ni mkweli?". Mtu anaweza kuwa mkweli kuliko wote na akawa amekosea. Ndiyo maana hoja ya "mzee wa watu, mcha Mungu, atadanganya ili apate nini?" haisogezi chochote. Jibu lake ni: hadanganyi. Sasa tuendelee na dawa.

Mama mdogo alipata nafuu. Hilo nalo sina sababu ya kulikataa, nilimwona. Basi ilitoka wapi?

Kwanza, tazama alikwenda lini. Hakwenda siku ambayo sukari ilikuwa imetulia. Alikwenda pale alipozidiwa, kama wote. Magonjwa haya yana mawimbi. Yanapanda yanashuka, na mtu huamua kuuza mbuzi pale wimbi linapokuwa juu kabisa. Ukiwa juu kabisa ya mlima, hatua inayofuata ina nafasi kubwa ya kuwa ya kuteremka, hata usipofanya lolote. Wataalamu wa takwimu wanaita hali hii kurejea kwenye wastani. Ni jambo la kuchosha kulieleza na halimlizi mtu kanisani, lakini naamini ndilo lililotoa shuhuda nyingi kuliko jingine lolote.

Pili, siku nne njiani alikuwa anakula mihogo ya kuchoma nusu na maji. Kwa chakula kidogo hivyo, sukari yake huenda ilishuka yenyewe.

Tatu, na hili nililijua miaka mingi baadaye, jikoni kwake, alipoliropoka huku akichambua mchele: vidonge hakuviacha. Alivifunga kwenye kona ya kanga, akawa anameza asubuhi na jioni jirani asione, maana jirani alisema kuchanganya ni kukosa imani. Alipotoa ushuhuda hakuvitaja. Hakuona kama anadanganya. Vidonge alikuwa anameza siku zote, na siku zote anaumwa. Kipya kilikuwa kikombe. Ukiwa na mambo mawili, moja la kila siku na jingine la ajabu, ni lipi utalishukuru?

Wenzake wengine waliacha kweli. Wapo walioacha ARV, na hapo ndipo mchezo unapokuwa mbaya, maana mwenye VVU akiacha dawa haanguki kesho. Kwa wiki za mwanzo anaweza kujisikia vizuri zaidi, kichefuchefu cha dawa kimeondoka, hamu ya kula imerudi. Huo ndio wakati anaotoa ushuhuda. Virusi navyo vinaongezeka taratibu, na siku vinapomlaza kitandani hakuna kipaza sauti pembeni. Kanisani huitwa aliyepona. Aliyezidiwa yuko nyumbani, aliyekufa kazikwa, na ndugu zake wanaona aibu kusema kwamba alikwenda Loliondo, maana watu watauliza imani yake ilikuwaje. Ukisikia shuhuda mia moja, umesikia mia moja zilizochujwa. Hujui kama nyuma yake kuna mia moja na tano au elfu kumi.

Halafu kuna matumaini yenyewe, na hapa watu wasioamini, mimi nikiwemo, tuna tabia ya kujibu harakaharaka kwamba "hiyo ni akili tu". Hebu tuliangalie vizuri. Mwaka ule ule wa 2011, mwezi Julai, watafiti wa Harvard walichapisha jaribio dogo la wagonjwa wa pumu wasiofika 50. Kila mgonjwa alipitia, kwa zamu, hali nne: pampu yenye dawa halisi, pampu tupu isiyo na dawa, sindano za Kichina za kuigiza, na kukaa bila kufanyiwa chochote. Kisha waliulizwa wanajisikiaje, na pia wakapulizishwa kwenye mashine inayopima nguvu ya mapafu.

Walipoulizwa, waliopewa dawa walisema wamepata nafuu ya karibu asilimia 50. Waliopewa pampu tupu walisema 45, wa sindano za kuigiza 46. Waliokaa bure walisema 21. Kwa maneno yao, basi, dawa na pampu tupu vilikuwa sawasawa. Mashine ikasema jingine: dawa halisi iliongeza nguvu ya mapafu kwa asilimia 20 hivi, na hali nyingine zote tatu zilikuwa kwenye 7 tu. Wagonjwa hawakuwa wanadanganya. Walijisikia nafuu kweli, na mapafu yao yalikuwa yamebanwa vile vile. Kwa maumivu au kichefuchefu, nafuu ya namna hiyo ni kitu cha thamani na sitaki kuidharau. Kwa pumu inaweza kukuua, kwa sababu hutakimbilia hospitali wakati unajiona uko sawa.

Pumu ilikuwamo kwenye orodha ya Samunge.

Je, kuna njia ya kutenganisha nguvu ya kikombe na nguvu ya kukiamini? Ipo, ni ya zamani, na inafurahisha kwamba nayo ilifanywa kwa vikombe. Paris, miaka ya 1780, kulikuwa na daktari aliyeitwa Franz Anton Mesmer ambaye alisema kuna nguvu kama ya sumaku inayopita katika miili, na kwamba yeye anajua kuielekeza. Watu wakubwa wa mjini walimjazia nyumba. Wagonjwa walitetemeka, wakalia, wakaanguka, wakainuka wamepona. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya kulichunguza jambo hili. Ndani yake alikuwamo Benjamin Franklin, wakati huo mwakilishi wa Marekani huko, na Antoine Lavoisier, mkemia.

Tume haikugombana na mtu. Ilimwalika mwanafunzi mkuu wa Mesmer, Deslon, ambaye naye aliamini kwa dhati, na kumwomba aonyeshe. Bustanini kwa Franklin, Deslon aliutia nguvu mti mmoja wa aprikoti, kisha mvulana wa miaka 12 akaletwa amefungwa kitambaa machoni, akapitishwa mti mmoja baada ya mwingine. Mti wa kwanza akaanza kutoka jasho. Wa pili, kizunguzungu. Wa nne akazimia. Ule uliotiwa nguvu hawakuwa wameufikia bado.

Kisha nyumbani kwa Lavoisier akaja mwanamke aliyesifika kwa kushikwa sana na nguvu ile. Akapewa vikombe vya maji, kimoja kimoja. Kufikia cha nne alikuwa ameanguka katika mtetemeko mkubwa. Vyote vilikuwa maji ya kawaida. Alipotulia akaomba maji ya kunywa, na hapo ndipo wakampa kikombe kilichotiwa nguvu na Deslon mwenyewe. Akakinywa kwa utulivu, akashukuru.

Napenda kisa hiki kuliko majaribio yote makubwa ya kisasa kwa sababu hakina mashine. Kuna kitambaa cha kufunga macho, vikombe, na watu waliokubaliana kabla kwamba matokeo yatasema nini. Kila mtu alifanyiwa heshima. Mwanamke hakuitwa mwongo, na hakuwa. Lakini sasa ilijulikana kwamba mtetemeko unafuata kuamini, haufuati maji.

Samunge ingewezekana. Watu huniambia: "Lakini dawa ilikuwa haifanyi kazi ila kwa mkono wa Babu, mtampimaje?" Kwa mkono wake huo huo. Masufuria mawili, moja la mugariga na jingine la mizizi mingine yenye rangi na uchungu ule ule, naye achote bila kujua lipi ni lipi. Wagonjwa wa kisukari wapimwe ule wastani wa sukari wa miezi mitatu kabla na baada, hakuna anayeachishwa vidonge, na wote waandikwe majina, watakaopona na watakaokufa. Mtu wa takwimu, daktari mmoja, manesi wachache. Katika nchi iliyokuwa imekwisha peleka pale magari na polisi, hilo lisingekuwa ghali.

Kilichofanyika ni kwamba wataalamu wa serikali waliuchunguza mchanganyiko na kutangaza kuwa hauna sumu, ni salama kwa binadamu. Redio zikalipokea hilo kama muhuri. Lakini chai ya mchaichai nayo ni salama kwa binadamu. Kati ya "haiui" na "inaponya" kuna safari ndefu kuliko ile ya Mto wa Mbu hadi Samunge, na nchi nzima iliiruka kwa sentensi moja.

Sitaki mtu anisome kama anayedharau miti shamba. Dawa ya mseto ya malaria ambayo kila mzazi wa Tanzania ameipondaponda kwenye kijiko imetokana na mmea. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliupata kwa kusoma maandishi ya tiba ya zamani sana ya kwao, akajaribu mimea mingi iliyoshindwa, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Anachotofautiana na Samunge si kwamba yeye alikuwa maabara na mzee alikuwa kijijini. Ni ile mimea iliyoshindwa. Aliihesabu.

Sasa, kuna jibu moja la waumini ambalo nalichukua kwa uzito wote, na ni zuri kuliko wale wanaotaja hesabu za shuhuda. Linasema: Mungu hapimwi. Hata Injili ya Mathayo imeandika, usimjaribu Bwana Mungu wako. Ukimwekea masufuria mawili unategemea nini, atakuja kuchangia utafiti wako?

Jaribio kubwa kuliko yote la namna hii lilichapishwa Marekani mwaka 2006: wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Kundi la kwanza liliombewa bila kuwa na uhakika kama linaombewa, la pili halikuombewa nalo likiwa halina uhakika, la tatu liliombewa na likaambiwa wazi. Waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 katika kundi la kwanza, 51 katika la pili. La tatu, lililojua, 59. Huenda lile kundi liliingiwa na hofu: nina hali gani hata mniombee hivi?

Je, hiyo inaonyesha Mungu hayupo? Hapana, na asiyeamini anayesema hivyo anafanya kosa lile lile la mtoa ushuhuda, la kubebesha hesabu mzigo usio wake. Inaonyesha tu kwamba maombi yale hayakubadilisha idadi ya matatizo kwa wagonjwa wale. Mwenye kusema Mungu hapimwi anaweza kuondoka na imani yake nzima, simdai kitu. Ila nina sharti moja kwake: kama hapimwi, asitumike kama kipimo. Huwezi kusema majaribio hayamhusu, halafu Jumapili ukamsimamisha mtu aliyepona uvimbe kama uthibitisho. Ama matokeo yana maana siku zote, mazuri na mabaya, ama hayana maana siku zote. Waumini wengi ninaowaheshimu wamechagua la pili. Wanaomba kwa sababu wanampenda wanayemwomba, na hawapeleki hesabu popote. Sina ugomvi nao, wala sidhani sayansi inao.

Tuje kwenye dola. Katiba yetu, ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Wakenya wameandika kwa ufupi zaidi, ibara ya 8: hakuna dini ya taifa. Wimbo wetu wa taifa ni sala tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na wa Kenya unaanza kwa sala, na wala hakuna anayetafuta ugomvi kwa hilo. Sensa ya Tanzania iliuliza dini mara ya mwisho mwaka 1967, na tangu hapo takwimu zote unazosikia za Waislamu ni wangapi na Wakristo ni wangapi ni makisio ya mtu. Kwa ujumla tumeishi vizuri na utata huu.

Watu wengi husikia "serikali haina dini" wakaelewa serikali inayopinga dini, au inayozigawia dini zote nafasi sawa jukwaani, sheikh aombe kisha askofu. Nadhani maana yake ni finyu na ngumu zaidi: serikali haina ujuzi wa mambo ya ghaibu, kwa hiyo isijitie kuwa nao. Haiwezi kusema ndoto ya Mwasapila ilitoka kwa Mungu, na haiwezi kusema haikutoka. Lakini inajua, au inaweza kujua, sukari ya damu ni kiasi gani. Mwaka 2011 ilifanya kinyume. Kwanza ilitaka kusimamisha huduma kana kwamba kuamini ni kosa. Kelele zikapigwa, ikageuka, viongozi wakanywa. Ilijitia kwenye imani mara mbili, kwa kuipinga na kwa kuikumbatia. Kazi yake halisi, ya kupima na kusema matokeo, ndiyo iliyokaa pembeni.

Na usidhani ugonjwa huu ni wa wenye dini peke yao. Aprili 2020, mwezi mmoja baada ya corona kuingia, Rais John Magufuli alitangaza siku tatu za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19. Hilo ndilo wakosoaji wa nje waliloling'ang'ania. Mimi naona lililofuata ndilo lenye somo. Mwanzoni mwa Mei alisema kwamba sampuli za papai, mbuzi, kware, hata oili ya gari, zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa zimepewa majina na umri wa watu, na kwamba baadhi zimekutwa na virusi.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kumpelekea mpimaji kitu usichomwambia ni nini, ili uone kama anapima kweli, ni jambo la kisayansi kabisa. Ni vikombe vya Lavoisier. Rais alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia na alijua anachofanya. Tatizo ni kwamba jaribio lilianza vizuri likakatwa shingo. Nani alichukua zile sampuli, na mikono yake ilikuwa imegusa nini? Maabara nyingine ikipewa papai lile lile, ingesema nini? Sampuli ngapi kati ya zilizokuwa tupu zilirudi zikiwa tupu? Jaribio la namna ile linapotoa jibu la ajabu, linatuambia kuna tatizo mahali fulani: labda vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, labda uchafuzi, labda mchukua sampuli. Halituambii kwamba ugonjwa haupo. Lakini mkuu wa maabara alisimamishwa kazi, na takwimu zikabaki kwenye wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka. Shaka ilitumika kuufungua mlango, kisha ikatumika kuufunga.

Afrika Kusini walilipa zaidi. Thabo Mbeki, rais wao wakati huo, hakuwa mtu wa miujiza. Alikuwa msomi, mdadisi, msomaji wa usiku kucha, na ndiyo njia aliyopita kufikia kutilia shaka kwamba VVU husababisha UKIMWI. Waziri wake wa afya akahimiza vitunguu saumu, limau na bitiruti. Watafiti wa Harvard baadaye walikadiria kwamba kuchelewesha ARV kati ya 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Hakuna ndoto iliyotajwa, hakuna mti mtakatifu. Ni mtu aliyeushuku upande mmoja tu, na akawasamehe kila swali wale waliompa alichotaka kusikia.

Nikikaa na vijana wanaojiita wasioamini, hapo ndipo tunapoachana. Wengi wameacha kanisa au msikiti wakadhani wameacha kudanganyika. Halafu jioni wananitumia kwenye WhatsApp kwamba chanjo zina kifaa cha kufuatilia watu. Kushuku ni kazi yenye kanuni, na kanuni yake ya kwanza inauma: unalipima kwa ukali zaidi lile ambalo ungependa liwe kweli.

Bado kuna swali ambalo huulizwa kila mtu kama mimi, kwa kawaida na shangazi, kwa kawaida msibani: sasa wewe usiyeamini, nini kinakuzuia kuiba? Sina jibu refu. Nazuiwa na kile kile kinachomzuia yeye asimwibie jirani hata pale ambapo mchungaji amesahau kuhubiri amri ya usiibe. Tuna neno letu, utu, na halina kitabu. Ila naongeza hili: wema wa moyo peke yake haujawahi kumlinda mtu dhidi ya maelezo mabaya. Kule Usukumani vikongwe wameuawa miaka nenda rudi kwa sababu macho yao ni mekundu, na mekundu yakawa alama ya uchawi. Macho yale yalifanywa mekundu na moshi, miaka hamsini ya kupuliza moto ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Waliowaua wengi wao waliamini wanaokoa watoto wao. Walikuwa na upendo wa kutosha. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia habari za moshi, na ujasiri wa kumsikiliza.

Hapo ndipo ninapoweka mpaka wa uhuru wa imani, kama ukinibana. Mtu mzima akipanda Noah kwenda Samunge kwa hiari yake, namwachia. Sitaki serikali inayomkamata njiani. Lakini mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao waendesha mashtaka wanasema waliambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, na wengi walikuwa watoto. Mtoto hakupanda gari lolote. Kwake neno "imani" ni amri ya mkubwa tu.

Mama mdogo yupo, anatimiza sabini na tatu mwaka huu. Miguu bado inamwaka, si kama zamani. Mtoto wake aliyeko Dar alimnunulia glukomita, mashine ya kupima sukari, na nilipomtembelea mwezi uliopita nilimkuta asubuhi mezani na kile kisindano mkononi. Alifumba macho, akasali kwa sauti ndogo, akaomba iwe chini ya saba. Kisha akajichoma kidole. Mashine ikaandika 9.4. Akaitazama, akaguna, akarudisha mkate wa pili kwenye sahani, akaniuliza kama chai yangu aweke sukari.